Gari Lililovaa Hereni

Foleni ilianzia kwenye josho la ng'ombe na kuishia nyuma ya machinjio. Perusi Madeje aliitazama akatamani kurudi kulala. Alikuwa mkaguzi wa magari wa kanda, kazi aliyoiomba mwenyewe ujanani, kwa hiyo hakuwa na wa kumlaumu. Mbele yake vilipangana vigari vya gofu, pikipiki za magurudumu manne, vitrekta vya mashamba ya zabibu, na kitu kimoja ambacho zamani kilikuwa mashine ya kukatia majani na sasa kilikuwa na benchi la kanisani na mwavuli juu yake. Vyote vilikuwa vimekuja kuombewa namba. Kuanzia Jumatatu, chombo chochote kitakachokutwa barabara kuu bila namba kingebebwa kwenda kupondwa, na tangazo hilo lilikuwa limepigiwa kipaza sauti hadi misibani.

Watu wa Mkwalala hawakuwahi kucheza gofu. Mchezo huo ulikuja na hoteli, na hoteli ikapanda majani mabichi katika nchi ambayo hata mbigili huota kwa kujikaza. Ikachimba visima, ikavikausha, ikafilisika. Wenyewe walipoondoka, vigari vyao vya umeme vilinadiwa hapahapa mnadani, katikati ya mbuzi na kondoo, na watu wakavinunua kwa kucheka. Hawakucheka muda mrefu. Sasa vilibeba maharusi, magunia ya uwele, wagonjwa na majeneza, na mtu asiye nacho alionekana kama amezubaa.

Perusi aliinama kwenye kigari cha kwanza, akapitisha mkono chini ya kiti, akatoka na kipande cha plastiki ya njano.

"Hii nini?"

"Hereni, dada," alisema kijana mwenye kigari.

"Ya nani?"

"Ya ng'ombe."

"Ng'ombe mwenyewe yuko wapi?"

"Tulimla Krismasi."

Aliitupa kwenye ndoo. Ndoo ilikuwa imeshafika nusu, na mchana ulikuwa bado mbichi.

Hapo ndipo ulipokuwa ujanja wa Mkwalala. Barabara kuu ilikuwa barabara tambuzi, yaani barabara inayoyaendesha magari yenyewe. Mabasi na malori yalipita juu yake bila dereva, yakisikia amri zake kupitia kisanduku kilichofungwa kwenye usukani, na kisanduku hicho watu wa huku walikiita hatamu. Barabara ilijua kila gari liko wapi na linaelekea wapi. Isichoweza kukiendesha ni ng'ombe. Ndiyo maana mifugo yote ilivalishwa hereni zinazotoa mawimbi ya redio: barabara ikisikia hereni imekaribia lami, hupunguza mwendo wa kila kitu mpaka mnyama apite, kwa sababu ng'ombe haambiliki, na basi likigonga fahali linaishia tumbo juu. Wagogo na ng'ombe wao wametoka mbali. Haukupita mwaka wakawa wamegundua kwamba hereni ya ng'ombe aliyekufa, ikifungwa kwenye kigari cha gofu, inamfanya mtu apishwe kama mkubwa.

Wangetosheka na hereni moja moja pengine mambo yangekuwa tofauti. Lakini alitokea bwana mmoja, mchuuzi wa chumvi, akafunga hereni za zizi zima kwenye kigari chake kimoja ili aheshimike zaidi. Barabara ikasikia kundi kubwa la ng'ombe likienda kwa mwendo mmoja, bila ndama anayebaki nyuma wala dume linalokwenda kando. Barabara ilikuwa inajifunza kwa kila kilichopita. Siku hiyo ikajifunza kuzitilia shaka hereni; tangu hapo mara ilipunguza mwendo, mara haikupunguza.

*

Zamu ikafika kwa kigari cheupe kilichopakwa madoa meusi kwa brashi. Usukani ulishikwa na mwanamke mnene mwenye kitenge kilichopauka. Pembeni yake alikaa mzee aliyekonda mpaka shati likawa linamning'inia, mkono wa kushoto umefungwa bandeji pale sindano zinapoingilia.

"Mbukwenyi," Perusi akawasalimu.

"Mbukwa, dada," mwanamke akaitikia. "Mimi Mama Seche. Huyu mzee wangu, Yoeli Machimo. Tunakuomba utufanyie upesi, kesho asubuhi ni siku yake ya mashine, na safari tunaianza leo."

"Mashine ipi?"

"Ya figo," mzee akajibu mwenyewe. "Inanitoa damu, inaifua, inanirudishia. Inaifua vizuri kuliko huyu anavyofua mashati yangu."

"Mashati yako uyafue mwenyewe," alisema mkewe bila kugeuka.

Perusi alicheka kidogo, kicheko cha kwanza siku hiyo. Akauliza kwa nini wasipande basi.

"Mabasi hayasimami Mkwalala, dada yangu," alisema Mama Seche. "Labda uwe ng'ombe. Na njia ya zamani ilikatwa na korongo. Kwenda hospitali ni barabara kuu au kutokwenda. Akikosa mashine wiki moja, mapafu yanajaa maji. Mwezi wa mfungo tulikosa mara mbili, nikamwona anavyohangaika kuvuta pumzi. Sitaki kuyaona tena."

Perusi alitikisa kichwa, akaanza kazi. Taa zinawaka. Breki zinashika. Nyuma ya taa ya kulia, imefungwa kwa waya wa shaba uliosokotwa kwa uangalifu, ilikuwepo hereni moja.

"Ya nani hii?"

"Ya Madoa," alisema mzee. "Alikuwa ng'ombe wangu wa maziwa. Ukame ulimchukua."

Mama Seche alitazama pembeni kama mtu aliyekamatwa na sukari ya jirani. Perusi akatoa koleo mfukoni, akaushika waya. Lakini hakuukata.

Kwa miaka miwili alikuwa amezikata hereni hizo akifunga hatamu mahali pake, na kila alipofanya hivyo alijua anafanya nini. Gari likishapewa namba, linatii. Likishatii, barabara inaweza kuliamuru lolote. Siku tairi la basi linapopasuka, au breki zinapokataa, na basi likahitaji nafasi ambayo haipo, barabara huitengeneza nafasi hiyo kwa kumwondoa mwingine. Mabasi ni Daraja la Kwanza. Vigari vya gofu ni Daraja la Nne. Barabara hugeuza usukani wa Daraja la Nne kuelekea mtaroni, basi likapita, na abiria wake wala hawajui kilichotokea.

Hayo hakusimuliwa. Aliwahi kumpa namba muuza ubuyu mmoja wa bondeni, mtu mcheshi, na miezi michache baadaye akaitwa kulitazama gari lake chini ya kalvati. Usukani ulikuwa umegeuzwa kushoto mpaka mwisho na kufungwa hapo, na hatamu bado inawaka taa ya kijani. Ikatangazwa kuwa ni uzembe wa dereva. Dereva hakuwa ameendesha chochote tangu siku ile Perusi alipompa namba.

Haikuwa ikitokea mara nyingi. Hilo nalo ndilo lililomchosha. Ilitokea mara chache kiasi kwamba mtu angeweza kunyamaza, na yeye alinyamaza, kwa sababu kanuni ilisema maelezo ya madaraja hayatolewi kwa mwombaji. Aliwahi kufikiria kuvipa vigari namba halafu aache hatamu bila kuiunganisha na usukani. Lakini barabara ingekiamuru kigari kipishe, ikaamini kimepisha, ikalipeleka basi palepale kilipo, na hapo wangekufa wa pande zote mbili. Alilala na wazo hilo usiku mwingi. Halikuwa na mlango wa kutokea.

Kifuani alikuwa amevaa kinasa, kama wakaguzi wote, na kila neno lake lilisikika makao makuu. Kama alitaka kusema ukweli, alipaswa kukivua kwanza. Lakini kukivua kulitaka kufungua vifungo viwili vya koti, na alikuwa amechoka.

"Mama Seche," alisema, "nikiikata hereni hii, kuanzia leo barabara itawaona ninyi wa chini kuliko ng'ombe."

*

Akawaeleza yote, kwa maneno mepesi, bila kupandisha sauti. Mama Seche alisikiliza huku akifungua na kukaza fundo la kitenge chake. Kabla hajamaliza, kinasa kilikoroma, na sauti ya Bwana Mgweno, mkuu wake wa kazi, ikatoka kifuani pake.

"Bi Madeje, unafanya nini hapo?"

"Namweleza mwombaji."

"Unakumbuka barabara hii ilivyokuwa zamani? Mimi nilimzika kaka yangu na wanawe wawili katika juma moja. Mabasi yalikuwa yanaungua kila mwezi. Sasa ni lini mara ya mwisho umesikia basi limeungua?"

"Sikumbuki."

"Hukumbuki kwa sababu hakuna. Ukiwaambia watu hivi, hawatachukua namba. Watabaki na hereni zao, na barabara haitajua tena ng'ombe ni yupi. Unadhani wewe peke yako ndiye mwenye huruma?"

Perusi alijua yote hayo ni kweli. "Wana haki ya kujua wanachopanda, mkuu," alisema tu.

Kisha Bwana Mgweno akasema, naye sauti yake imechoka vilevile, "Saini yako itafanya kazi hadi jioni. Kesho urudishe gari na sare."

Perusi alitarajia kuumia. Badala yake aliona kitu kikimlegea mabegani, akaona aibu kwa kufarijika. Alipoinua macho, foleni ilikuwa imesogea imekuwa duara. Watu walikuwa wamesikia. Wa mbele wakawapasha wa nyuma, na wa nyuma wakaanza kugeuza. Yule mwenye mashine ya kukatia majani alishuka, akaja hadi kwenye ndoo, akachagua hereni yake, akaipangusa kwa shati na kuondoka nayo. Kijana wa kwanza akafuata. Hakuna aliyemwangalia Perusi usoni. Ndani ya muda mfupi nusu ya foleni ilikuwa imepotelea kwenye mashamba ya zabibu, na yale aliyoyasema Bwana Mgweno yakawa yanatimia mbele ya macho yake. Alitamani kuwaita warudi, ila hakujua angewaambia nini.

"Sasa dada," Mama Seche alimshika mkono, "si uiache tu hereni yetu? Sisi hatukukuona, na wewe hukutuona."

Perusi alifungua vile vifungo viwili vya koti, akakivua kinasa, akakizima. "Naweza kuandika kwamba kigari hiki kimekufa, kimeuzwa chuma chakavu. Kisichokuwepo hakitafutwi. Mfiche hereni ndani zaidi, mkifika karibu na geti la ukaguzi barabarani mchepuke. Mnaweza kwenda hivyo muda mrefu."

"Mungu akubariki," alisema Mama Seche, na tayari machozi ya nafuu yalikuwa yanamlenga. "Umesikia, Baba Seche?"

"Nimesikia," alisema mzee. "Ikate."

Mkewe akageuka. "Nini?"

"Dada, ikate hiyo hereni. Unifungie hatamu."

"Huyu mashine imemfua mpaka akili," alisema Mama Seche. "Usimsikilize."

Mzee Yoeli alingoja pumzi yake irudi. Kuzungumza kulimgharimu. "Chilewa, mtoto wa dada yangu, alikuwa anavusha ng'ombe kwenda kunywa maji. Ng'ombe wa kweli, hereni za kweli. Barabara haikupunguza mwendo. Ilidhani ni sisi wa vigari."

"Ilikuwa ajali."

"Ilidhani ni sisi, Mama Seche. Na siku ileile asubuhi mimi na wewe tulikuwa tumepishwa, basi zima likatusimamia, ukasema tazama mzee wangu, tumekuwa mawaziri. Nikacheka. Nilipoingia kwenye ule msiba sikuweza kumtazama dada yangu. Mpaka leo siwezi."

Mama Seche akasema kwa sauti ndogo ambayo Perusi hakuitegemea kwake, "Kwa hiyo unataka kufa ili dada yako akutazame?"

"Nikikosa mashine nakufa kwa hakika. Nikiwa na namba, labda nitakufa, labda sitakufa. Nikienda na hereni, labda atakufa mtoto wa watu anayechunga ng'ombe, na mimi nitarudi nyumbani kunywa uji. Uji huo haupiti, mke wangu. Nimejaribu."

Perusi alisimama na koleo mkononi kama mtu aliyeingia chumba cha wenyewe bila kubisha. Miaka yote alikuwa amedhani mtu akijua ukweli atachagua kujiokoa hata kwa kuwaumiza wengine, na hilo lilimfanya aone kwamba kunyamaza kwake hakukuwa na ubaya mkubwa. Alimtazama mzee huyu aliyebaki mifupa na bandeji, akajisikia vibaya sana.

Akaikata hereni. Waya ulilia kidogo, basi.

*

Kufunga hatamu hakukuchukua muda. Perusi alilala chali chini ya kigari, akaunganisha nyaya, akakaza skrubu, akatoka na vumbi mgongoni. Kisanduku kikawaka taa nyekundu, kikatafuta barabara, kikaipata. Taa ikageuka kijani. Usukani ukajizungusha wenyewe, kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, kisha ukatulia katikati. Ndivyo barabara inavyokijaribu chombo kipya.

Mama Seche alikuwa bado ameuweka mkono wake juu ya usukani. Ulipozunguka chini ya kiganja chake aliuondoa haraka, akaupangusa kwenye kitenge.

"Kwa hiyo mimi siendeshi tena?"

"Huendeshi. Barabara ndiyo inayoendesha."

"Basi hakuna haja ya wewe kuja," alisema mzee, upesi mno, na Perusi akatambua kwamba alikuwa amelingoja hilo tangu mwanzo. "Itanipeleka, itanirudisha. Utakaa nyumbani, utapumzika. Miaka yote hii hujapumzika."

Mama Seche alimwuliza Perusi, "Tukiwa wawili ndani, barabara inatuhurumia zaidi kuliko akiwa mmoja?"

Perusi alitamani kusema ndiyo. "Hapana, mama. Daraja ni la gari. Hata mkijaa wanne, ni lilelile."

"Kwa hiyo siku hiyo ikija, akiwa peke yake anakufa mmoja. Nikiwemo tunakufa wawili."

"Ndiyo."

"Haya, umesikia mwenyewe," alisema mzee.

Kishikwambi cha Perusi kilikuwa kimefika kwenye swali la mwisho, lile ambalo kwa kawaida alilijaza bila kuuliza: abiria wa kudumu wangapi. Likishajazwa, kigari hakiondoki na mtu zaidi ya hao. Aliwaeleza hivyo, akainua kidole.

"Andika mmoja," alisema Mzee Yoeli.

"Andika wawili," alisema Mama Seche.

"Mmoja, dada. Mimi ndiye mgonjwa."

"Anayetaja ni mwenye gari," alisema Perusi. Ndivyo kanuni ilivyosema, na hakuwa na nguvu za kutafuta kitu kingine cha kusema. "Mnadani liliandikwa kwa jina la nani?"

Mzee akafumba macho.

"Langu," alisema Mama Seche. "Nilikinunua mimi, kwa mbuzi wangu, yeye akinicheka. Akasema mwanamke gani mzima ananunua toroli la Wazungu."

"Mama Seche, tafadhali. Seche atabaki na nani?"

"Seche ana mume, ana watoto, ana kelele nyumbani kwake mchana na usiku. Wewe ukitoka kwenye ile mashine unatapika njia nzima. Nani atakushikia bakuli? Barabara?"

Mzee alimtazama Perusi ili amsaidie, na Perusi alijua jibu lililo sahihi kwa hesabu, hesabu ileile ambayo kwayo alikuwa amegeuza shingo na kumwacha muuza ubuyu chini ya kalvati. Alikaa na kidole hewani muda mrefu kuliko ilivyopasa. Kisha akaandika wawili, akaweka dole gumba, na namba ikatoka kwenye mashine yake ndogo, bado ya moto.

Mama Seche alikizunguka kigari. Alikuwa amezoea upande wa usukani, lakini upande huo haukuwa na maana tena, kwa hiyo alikwenda upande wa mumewe, ambako kulikuwa na kivuli.

"Sogea huko," alisema.

Mzee Yoeli akasogea. Alikuwa analia, wala hakujificha. Mkewe aliketi, akamwekea bakuli la plastiki mapajani, akakikunja vizuri kitenge chake kisipeperuke, na kigari kikaondoka chenyewe taratibu kuelekea lami.